Siku Nanuli Alipovuka Abano

Kwa miaka thelathini na moja Elguja hakumruhusu mtu mwingine yeyote kushika usukani wa gari lake, hata kulisogeza tu uani likae kivulini. Alikuwa dereva wa njia ya Abano, ile inayotoka mabondeni kule Alvani na kupanda hadi Tusheti, na kila Juni, buldoza likishasukuma theluji pembeni, lazima yeye awe wa kwanza kupita. Mwaka huo alitanguliwa na Jokola mwenye lori. Jambo hilo lilimkaa kooni tangu asubuhi, maana alimjua Jokola: angelitangaza mpaka theluji irudi tena.

Ndani ya gari walikuwa watatu. Mbele, kando ya Elguja, alikaa Vakhtangi, daktari wa meno kutoka mjini, aliyekuwa anapanda kwenda kuwatazama watu wa Omalo, kijiji cha huko Tusheti, ambao meno yao yalikuwa hayajaguswa tangu mwaka uliopita. Mapajani alikuwa na sanduku la mashine ya kutobolea meno, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma, juu ya magunia ya viazi, alikaa Nanuli, mke wa Elguja, mama wa miaka hamsini na sita, mwenye kitambaa cheusi kichwani na ulimi usiolala. Juu ya keria walikuwa wamefunga unga na mashine ya kufulia, kwa ajili ya nyumba yao ya wageni iliyoko kulekule.

"Elguja," Nanuli alisema walipoanza kupanda korongo, "hiyo gia inalia. Ipunguze."

"Nani dereva hapa?"

"Nimesema tu inalia."

"Inaimba. Gari langu likifurahi huimba. Daktari, unamsikia? Ujanani aliendesha trekta la shamba la zabibu misimu minne, basi anajiona dereva. Trekta ni ng'ombe tu, tofauti yake lina bomba la moshi."

Daktari alikuwa amefumba macho tangu waliposhika kona ya kwanza.

Walipanda taratibu. Maji ya maporomoko yakaliosha gari paa zima, bonde likazidi kuzama chini, na barabara ikawa nyembamba kiasi kwamba ukitoa mkono dirishani upande mmoja unagusa mwamba, upande wa pili hugusi kitu. Wakafika mahali ambapo jiwe lilikuwa limeporomoka usiku na kukaa katikati ya njia, kubwa kama kondoo aliyenenepa.

"Tushuke tulisukume sote," Nanuli akasema.

"Kaeni. Hiyo ni kokoto."

"Elguja, una miaka sitini na miwili."

"Nimesema kaeni!"

Akashuka, akakunja mikono ya shati, akaliinamia jiwe na kulikumbatia. Kweli likatikisika. Likabingirika mara moja, likabingirika mara ya pili, likatumbukia bondeni. Ikasikika kah! Nanuli akadhani ni jiwe limepasuka huko chini. Kumbe ni mgongo wa mumewe.

Elguja alibaki vilevile alivyoinama, kitako juu, mikono imekumbatia hewa.

"Njoo basi, twende," Nanuli akamwita.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukaa namna nyingine zaidi ya hivi nilivyo," Elguja akasema kwa sauti nyembamba. "Umekaza. Mgongo wote umekaza."

Wakashuka mbio. Kila walipomgusa alipiga ukelele uliozunguka bondeni na kuwarudia.

"Daktari, fanya kitu!" Nanuli akasema.

"Mama, mimi ni wa meno."

"Basi jifanye mgongo una meno."

"Nina dawa ya ganzi tu. Nikimchoma hapo anaweza asisikie miguu."

"Choma!" Elguja akapiga kelele. "Miguu ya nini?"

"Ya breki," Nanuli akamjibu, na hapo ndipo wote watatu walipoiona shida yao vizuri.

Simu hazikushika mtandao. Kurudi nyuma haikuwezekana, kwa kuwa mahali pale hata baiskeli isingegeuka. Gari jingine lingeweza kupita kesho au keshokutwa. Na kutoka upande wa kilele, wingu la kijivu lilikuwa limeanza kushuka, bila haraka. Nanuli akalitazama lile wingu, akamtazama daktari.

"Unaendesha?"

"Mjini. Napanda teksi."

Nanuli akatia mkono mfukoni mwa suruali ya mumewe akachomoa funguo.

"Nanuli! Unafanya nini?"

"Nakuondoa kabla mvua haijafika."

"Nanuli, sikia, nitakaa tu hapahapa. Niwekee mkate na joho langu. Nimewahi kulala mahali pabaya kuliko hapa."

Nanuli na daktari walimbeba kama meza, wakamwingiza kwa mlango wa nyuma na kumlaza chali juu ya viazi. Kwa urefu wake hakuenea ila kwa namna moja: miguu kuelekea usukani, kichwa kimeegemea kioo cha nyuma. Akiinua macho aliiona njia waliyotoka, ikiwa juu chini. Njia waliyokuwa wakiiendea hakuiona kabisa.

Gari likazimika mara ya kwanza. Likazimika mara ya pili.

"Klachi!" Elguja akaguta. "Iachie kama unavyomlaza mtoto!"

"Watoto wetu umewahi kumlaza yupi?" Nanuli akauliza, na gari likaondoka.

Kilichompata Elguja katika saa iliyofuata hakuwahi kukidhania. Njia nzima aliijua kwa mgongo. Hakuona chochote, lakini kila mtikisiko uliopita kwenye viazi ulimwambia walipo. Mtaro huu ni ule wa maji mekundu. Mteremko huu mfupi ni pale kwa mawe ya marehemu. Kando ya njia ya Abano kuna mawe ya ukumbusho ya madereva walioanguka, yamechongwa nyuso zao, na chini ya kila jiwe pana chupa na bilauri ili apitaye amkumbuke mwenzake. Elguja alikuwa rafiki wa wengi wao.

"Tumempita Shakro?" akauliza.

"Ndiyo kwanza namwona."

"Ukimfikia Shakro, kata kulia mpaka mwisho. Usimalize kona kwa mara moja. Shakro alitaka kuimaliza kwa mara moja."

Daktari akatoa mlio mdogo kama wa paka.

Nanuli akakata kulia, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akakata tena. Tairi la nyuma likasaga ukingo na mawe madogo yakamwagika chini. Elguja akayasikia. Yalichukua muda mrefu mno kutulia.

"Mungu wangu," akasema, "ni mimi. Hili ni kosa langu."

"Lipi?"

"Jumamosi. Kule kwenye harusi Telavi."

Watu wa Tusheti hawali nguruwe wanapokaribia kupanda, wala hawampitishi Abano hata kipande, kwa kuogopa mkosi. Kila mtoto wa kule analijua hilo kabla hajajua jina lake.

"Elguja," Nanuli akasema polepole, bila kutoa macho barabarani. "Ulikula kitimoto?"

"Soseji. Moja."

"Moja?"

"Zilikuwa zimeunganishwa."

"Mtu anakula kitimoto Jumamosi, Jumatatu anapanda mlima na mkewe! Halafu anakumbatia jiwe! Sasa nashangaa nini kuona umekunjika? Shukuru hujaota mkia."

"Nilikuwa nimekunywa."

"Na lile jiwe ulilisukuma ukiwa umekunywa?"

Daktari, macho yakiwa bado yamefumbwa, alianza kutikisika mabega. Nanuli akadhani analia, akampapasa goti. Kumbe anacheka.

Wakaendelea kupanda. Kona zikaja moja juu ya nyingine kama ngazi, na Nanuli akaanza kuzizoea. Alikuwa akizungumza na gari kwa sauti ya chini, vile alivyozungumza na trekta zamani, "haya mama, haya, taratibu, hivyohivyo," na gari likamtii. Elguja alilisikia likitii. Ndilo lililomuuma zaidi ya mgongo. Halafu gurudumu la mbele likakanyaga barafu, gari zima likateleza kwa ubavu kiasi cha shubiri moja, na Elguja, ambaye kwenye kioo hakuona ila anga tupu, akaamini safari imekwisha.

"Ng'ombe wa Imeda!" akapiga kelele.

Gari likasimama.

"Ng'ombe wa Imeda amefanya nini?"

Imeda alikuwa kaka yake Nanuli. Miaka sita kabla ya hapo, ng'ombe wake bora wa maziwa alikutwa amekufa kando ya njia, na kijiji kizima kikakubaliana kwamba ni dubu. Wanaume kumi na wanne walilala porini siku tatu wakimsaka huyo dubu. Elguja ndiye aliyewaongoza.

"Sikuwa nimemwona," Elguja akasema kumwambia paa la gari. "Palikuwa na ukungu. Nilipiga honi, naapa. Yeye akasimama tu akinitazama."

"Bonyeo la kwenye bampa."

"Ndiyo."

"Uliniambia ni jiwe."

"Nilikuambia ni kitu kigumu."

"Elguja, ulipiga risasi mbili msituni mbele ya kaka yangu! Ukarudi ukasema dubu ulimjeruhi!"

"Walitaka sana nimjeruhi. Ningefanyaje?"

Nanuli akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kisha akatia gia.

"Utampa ndama," akasema. "Utampelekea mwenyewe, kwa miguu, na utamwambia kwa kinywa chako. Mgongo ukinyooka."

"Sawa."

"Kuna jingine?"

Elguja akafikiri. "Kwa sasa, hapana."

Walivuka kilele kati ya kuta mbili za theluji zilizozidi urefu wa gari. Nanuli hakusimama kutazama upande wa pili kama wafanyavyo wote. Aliliachia gari likaanza kushuka, gia nzito, mguu mbali na breki, bila mtu kumwambia. Elguja alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia. Akaufunga.

Waliteremka kama nusu saa, na hapo wingu likawafikia. Nanuli akawasha taa. Mbele yao, ndani ya ukungu, taa nyingine mbili zikawaka, zikakua, na honi ikapigwa ambayo Elguja angeitambua hata kaburini. Ilikuwa honi ya lori la Jokola, akitoka Omalo kurudi Alvani.

"Yesu na Maria," Elguja akanong'ona. "Nifunike joho."

"Nini?"

"Nifunike! Mwambie nimebaki Alvani. Mwambie nimekufa!"

Sheria ya njia ile kila mtu anaijua: anayepanda ana haki, anayeshuka hurudi nyuma hadi mahali papana. Lori lilikuwa linapanda. Jokola akatia jiwe chini ya tairi, akaja kwa miguu, mtu wa kifua kipana na kofia ya sufu iliyokaa upande. Aliinama dirishani kwa dereva, na uso wake ukapoteza mpangilio.

"Dada Nanuli?"

"Hata shikamoo hakuna, kaka Jokola?"

"Marahaba, yaani... mzee yuko wapi?"

"Huko nyuma, juu ya viazi."

Jokola akazunguka. Akapangusa kioo cha nyuma kwa kiganja, akachungulia. Elguja akamwona akining'inia mbele yake, ndevu juu, kofia chini. Wakatazamana.

"Elguja," Jokola akasema kwa upole mkubwa. "Umekuwa mzigo?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Kicheko kikaingia kwenye ukungu kikarudi kikiwa wanaume watano. Alipomaliza akajifuta macho, akarudi kwa Nanuli akafungua mlango wake.

"Shuka dada yangu, nikusogezee. Pana mita mia mbili za kurudi nyuma, tena kwa kupanda, tena pana kona. Hii si kazi ya mama wa watu."

Nanuli alikuwa amechoka. Ukweli ni kwamba mguu mmoja alishautoa nje. Hapo sauti ikatoka kwenye viazi, sauti ambayo daktari alisema baadaye kwamba hakudhani inaweza kutoka kwa mtu aliyelala chali.

"Jokola! Ondoa mkono wako kwenye mlango huo! Gari hili haliguswi na mtu isipokuwa mke wangu!"

Nanuli akaugeuza uso wake nyuma, akaitazama miguu ya mumewe, ndiyo pekee aliyoweza kuiona, ikiwa imenyooka kwa hasira.

"Umesema nini?"

"Umesikia nilichosema. Ingia. Tupige rivasi."

Jokola akainua mikono. "Haya. Mimi natazama sinema." Akaenda kuegemea lori lake na kuwasha sigara.

Daktari alijitolea kushuka akawaongoze kutoka nyuma, lakini alipoutazama ukingo akabandika mgongo wake kwenye mwamba, akabaki hapo akiita, "Njoo! Njoo! Njoo!"

"Njoo wapi?" Nanuli akamuuliza. "Hata sikuoni!"

"Wala mimi sikuoni!" daktari akajibu kwa uaminifu.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, katika ukungu ule, mtu mmoja tu kati yao alikuwa na macho kwenye kioo cha nyuma, karibu kabisa na njia: yule aliyelala chali.

"Kushoto," Elguja akasema.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu! Hapana, kwako! Mimi niko juu chini, ngoja."

"Elguja, nitatuua."

"Sema upande wa mlima."

"Mlima uko pande zote!"

Alivuta pumzi. "Sikiliza. Upande mmoja kuna jiwe, upande wa pili kuna hewa. Nikisema jiwe, peleka nyuma ya gari kwenye jiwe. Nikisema hewa, peleka kwenye hewa, lakini kidogo, Nanuli, kidogo kama unavyotia chumvi."

"Mimi au wewe unavyotia?"

"Wewe!"

Akaachia klachi. Gari likaanza kurudi nyuma likikohoa.

"Jiwe," Elguja akasema. "Jiwe. Jiwe kidogo. Nyoosha. Hivyohivyo. Hewa. Hewa tena. Basi! Jiwe, jiwe, jiwe mama yangu!"

Kitu kikakwaruza ubavu mzima wa gari kwa mlio wa kung'oa meno. Hata daktari aliutambua. Nanuli akakanyaga breki.

"Rangi tu," Elguja akasema. Ingekuwa siku nyingine angelia. "Rangi si kitu. Endelea."

Walipofika kwenye kona hakusema neno kwa muda, kwa sababu kwenye kioo hakukuwa na njia wala mwamba. Palikuwa na weupe mtupu. Mkewe akangoja. Kisha Elguja akasikia mgongoni mwake, chini ya viazi, tairi la nyuma likipanda juu ya ule mzizi wa mwamba anaoufahamu miaka yote, ambao husimama hatua nne kabla ya mahali papana.

"Hewa," akasema.

"Una hakika?"

"Hewa, Nanuli. Yote."

Nanuli akazungusha usukani wote kuelekea hewani, kwa neno la mtu aliyekula soseji na kuua ng'ombe. Gari likapinda, likainama, likanyooka. Likasimama mahali papana, na nafasi ikabaki.

Jokola akalipandisha lori taratibu, akawafikia, akashusha kioo. Ilikuwa dhahiri alishaandaa maneno, mengi. Akamwangalia Nanuli, ambaye alikuwa akijifuta jasho kwa kitambaa chake cheusi, akavua kofia.

"Mimi ningeisugua bampa pale," akasema. Akaondoka.

Waliingia Omalo jua likiwa bado juu ya minara ya mawe ya kijiji. Wanaume walikuja kumshusha Elguja juu ya mlango wa ghala walioung'oa, na kila mmoja aliuliza nani ameendesha, na Elguja, akipita juu ya vichwa vyao kama mfalme aliyepinduliwa, akajibu kila mmoja kwa hasira ileile: "Unadhani nani? Mimi?"

Daktari alitibu meno siku sita. Siku ya saba alipoambiwa gari liko tayari, alishukuru sana, akaomba farasi.

Elguja alilala wiki mbili. Wageni walikuwa wameanza kupiga simu, na Nanuli akashuka kuwachukua peke yake, akapanda nao, akashuka tena. Mumewe alijikongoja na fimbo mpaka kwenye tanuri, akajifunza kuoka mikate, na ile ya kwanza mbwa waliinusa wakaenda zao. Kila alasiri alikaa kwenye roshani akisikiliza. Aliisikia injini ikiwa mbali, kabla mbwa hawajaisikia, akaihesabu kona kwa kona, na mahali ambapo yeye angebadilisha gia, Nanuli hakubadilisha. Alibadilisha baadaye kidogo. Elguja alilifikiria jambo hilo siku tatu, kwa kichwa na kwa vidole, akisogeza hewani mpini wa gia usiokuwepo.

Siku ya nne, Nanuli alipoingia na vumbi lake na kuketi kuvua viatu, Elguja akamwekea chai mbele yake.

"Ile kona ya juu ya mto," akasema akitazama pembeni. "Unaichukua kwa gia ya pili?"

"Ya pili."

"Kwa nini?"

Nanuli akanywa chai kwanza. Kisha akasogeza kikombe, akachukua vipande vitatu vya mkate na kijiko, akaanza kumwonyesha.